"Niko Sawa" ya Kilomita ya 31

Somo: 1 Wafalme 18:46 hadi 19:21



Mnakumbuka ile Jumapili ya mwisho ya Oktoba 2023 ambayo sikuonekana madhabahuni. Nilikuwa Lang'ata, nakimbia Nairobi Marathon, mbio zangu za kwanza za kilomita 42. Ndugu mmoja wa pale langoni aliwaambia watu ati "Pasta amekimbia ibada," na mpaka leo vijana bado wananiita hivyo. Sawa, nimekubali. Lakini kuna jambo kuhusu mbio zile sijawahi kulisema hapa, na nililificha kwa sababu halinipendezi.

Machi mwaka huo mimi na mke wangu tulipoteza mtoto. Mimba ilikuwa ya miezi sita. Nimemwomba ruhusa kulisema hili, na amesoma ukurasa huu kabla haujaenda kuchapishwa. Ninyi washirika mlikuja kwetu, mkaomba nasi, mkaleta unga na sukari, mkaosha vyombo. Kila aliyeniuliza habari yangu nilimjibu, "Niko sawa, Mungu ni mwema." Jumapili iliyofuata nikahubiri. Kuna mama aliniambia nimehubiri kwa nguvu kuliko siku zote, nami nikafurahi! Hebu fikiria.

Aprili nikaanza kukimbia. Nilisema ni kwa ajili ya afya, kwa maana kazi ya ofisi ya kanisa ni ya kukaa, na mandazi ya vikao mnayajua. Nikanunua viatu vya mitumba Gikomba, jozi nzuri, cha kushoto kimeisha kidogo kisigino. Kila siku saa kumi na moja alfajiri nilitoka Umoja, nikapita Mutindwa, nikaingia Outer Ring mpaka Donholm, halafu Jogoo Road yote hadi City Stadium na kurudi. Saa hiyo Eastlands ina watu wake: akina mama wa mboga wanaotoka Marikiti na magunia, makanga wanaoosha matatu, walinzi wanaomaliza zamu. Mlinzi mmoja karibu na Hamza alikuwa ananiuliza kila siku, "Pasta, nani anakufukuza leo?" Nilicheka tu. Jibu nilikuwa nalo, ila sikulitaka.

Mimi nilisomea biashara chuoni, kwa hivyo nilifungua jedwali kwenye kompyuta. Kilomita, muda, mapigo ya moyo, kila wiki nikiongeza kidogo. Ninyi mnaofanya mazoezi mnajua raha ya kuona namba inapanda. Nyumbani namba hazikuwepo. Kulikuwa na kitanda kidogo ambacho hakuna aliyekuwa na moyo wa kukitoa chumbani, na mke aliyekuwa ananyamaza.

Jumamosi moja ya Agosti nilimkuta ameketi jikoni gizani, chai imepoa mbele yake. Akasema, "Unatoka tena?"

Nikamjibu, "Leo ni kilomita 28."

Akaniambia, "Mimi sijakuuliza kilomita."

Nikafunga kamba za viatu, nikatoka.

Sasa twende kwenye Neno. Eliya tunampenda kwa sababu ya Karmeli: moto kutoka mbinguni, manabii wa Baali wameaibika, mvua imerudi baada ya ukame. Lakini ukisoma mstari wa mwisho wa sura ya 18 utaona kitu ambacho wahubiri tunakipita haraka. Huyu mzee alijifunga viuno akakimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Kutoka Karmeli kufika huko ni kama kilomita 25 au zaidi, na mvua inanyesha! Hiyo inapita nusu marathoni, wapendwa, na alikuwa amemaliza siku nzima ya vita vya kiroho.

Halafu Yezebeli anatuma ujumbe mmoja tu, na Eliya anakimbia tena. Safari hii hakuna mkono wa Bwana uliotajwa. Anakwenda kusini mpaka Beer-sheba, zaidi ya kilomita 100, na sura ya 19 mstari wa 3 inasema alifanya nini alipofika: alimwacha mtumishi wake huko. Mtu wa pekee aliyekuwa naye. Kisha akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe.

Nimeusoma mstari huo wa 3 miaka mingi bila kuuona. Mchovu humwacha kwanza yule aliye karibu. Hataachana na kazi wala na huduma. Huyu anayemjua vizuri ndiye atakayeachwa Beer-sheba, kwa sababu ndiye atakayeuliza.

Turudi barabarani. Kabla ya siku yenyewe mzee mmoja wa kanisa alinikumbusha habari za Eric Liddell, yule Mskoti aliyekataa kukimbia mchujo wa mita 100 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa sababu ulifanyika Jumapili, kisha akashinda dhahabu ya mita 400. Alinikumbusha kwa upole, na sikuwa na jibu la kumshinda. Mpaka leo sina. Mchungaji Kiongozi aliniruhusu, akaongeza kwamba nisije nikaomba tena.

Wiki tatu kabla ya hapo Kelvin Kiptum alikuwa amekimbia Chicago kwa saa 2 na sekunde 35 tu. Nchi nzima ilikuwa na wazimu wa mbio, na mimi pia. Nilijiwekea saa 4 na nusu. Hiyo ni dakika 6 na sekunde 24 kwa kila kilomita, nilikuwa nimeiandika kwenye kiganja. Na kwa sababu ya hesabu hiyo nilifanya ujinga ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa biashara hawezi kuufanya. Kwenye meza za maji watu walikuwa wanasongamana, na kusimama kulikuwa kunakula sekunde zangu. Nikapita ya kwanza. Nikapita ya pili. Kijana wa kujitolea akaninyoshea chupa, nikamwonyesha dole gumba: niko sawa!

Darasani tulifundishwa kwamba biashara inaweza kuonyesha faida kwenye vitabu na bado ikafa, kwa sababu pesa taslimu za kuendeshea kazi zimeisha. Mwili ndivyo ulivyo. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini haitoshi mtu wa kawaida kumaliza kilomita 42. Kwa wengi hukauka mahali fulani baada ya kilomita ya 30, na wakimbiaji huita hapo ukuta. Usipokula na kunywa mapema, wakati bado hujisikii njaa, ukifika ukutani umechelewa.

Mimi niliufikia kilomita ya 31, kwenye Southern Bypass. Jua lilikuwa limetoka kabisa. Miguu haikuuma, jambo la ajabu; ilikataa tu, kama punda wa mkokoteni aliyeamua. Nikaketi kando ya barabara chini ya mti ambao sikuujua jina. Msichana mmoja wa kujitolea akaja mbio na maji na ndizi, akaniuliza, "Uko sawa?"

Kinywa changu kilishaanza: "Niko sa..."

Nikalia. Mwanaume wa miaka 36, mchungaji, na namba kifuani, analia mbele ya mtoto wa chuo ambaye hakujua afanye nini na ndizi yake. Na sikulia miguu.

Wapendwa, Eliya hakusema yuko sawa. Alisema imetosha. Maombi yake yalikuwa mabaya, aliomba kufa, lakini yalikuwa ya kweli, na tazameni Mungu alivyoyajibu. Hakumkemea. Hakumwuliza imani yake ya Karmeli imekwenda wapi. Alimtumia malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamrudishia chakula mara ya pili. Swali la Mungu, unafanya nini hapa, lilikuja baadaye, baada ya chakula, usingizi na mwendo wa siku 40. Sisi makanisani mara nyingi tunaanza na swali. Mtu ameketi chini ya mretemu wake na tunamfikishia mahubiri bila mkate. Nami nimewafanyia baadhi yenu hivyo, na ninaomba mnisamehe.

Nikala ile ndizi. Nikanywa. Halafu nikatoa simu mfukoni nikampigia mke wangu. Ilikuwa kama saa nne, alikuwa anafundisha watoto wa Sunday School, na aliniambia baadaye kwamba alitoka nje akasimama chini ya ngazi kwa sababu alidhani nimegongwa na gari.

Nikamwambia, "Siko sawa."

Akanyamaza kidogo. Nikadhani laini imekatika. Kisha akaniuliza, "Umekula nini?"

Sikumfundisha kuuliza hivyo, na hakuwa anafikiria Eliya. Nikamwambia ndizi. Akasema, "Kula nyingine. Sasa simama, tembea, uniambie." Nikatembea. Tulizungumza kutoka kilomita ya 31 mpaka karibu ya 35, habari za mtoto wetu, jina tulilokuwa tumemchagulia ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelitamka tangu hospitalini. Yeye alilitamka kwanza. Watu walikuwa wananipita, hata mzee mmoja aliyekuwa amejifunga leso ya harusi kichwani, na sikujali hata mmoja. Tuliendelea mpaka kredo yangu ikaisha.

Nilimaliza kwa saa 5 na dakika 38. Kutembea, kukimbia kidogo, kutembea.

Kuna wanaume wananisikiliza ambao wamejifunza kusema "niko sawa" tangu wakiwa Standard One. Umepoteza kazi, bado unavaa shati na kutoka asubuhi ukakae Uhuru Park mpaka jioni. Deni la chama limekufunga, umeacha kuja kanisani ili usikutane na mweka hazina. Umezika mtu na hujalia. Tazameni Eliud Kipchoge. Kule Vienna mwaka 2019 alipokimbia saa 1, dakika 59 na sekunde 40, aliwekewa wakimbiaji 41 wa kupokezana kumvunjia upepo. Mtu bora kuliko wote, na watu 41! Na Agosti 2024 huko Paris, baada ya kilomita ya 30, mwili ulikataa. Dunia nzima inatazama, akasimama akatoka mashindanoni. Wakenya wengine walimcheka mitandaoni, nanyi mnatujua. Mimi nilikuwa nimeketi sebuleni Umoja na nilimheshimu kuliko siku ya Vienna.

Na Eliya? Mungu alipomtoa Horebu alimwambia kuna wengine 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti, kisha akamtuma kwa Elisha, aliyekuwa analima na ng'ombe wake. Ukisoma kuanzia hapo, mpaka gari la moto linamchukua, Elisha hakubali kuachwa nyuma. Eliya anamwambia baki hapa mara tatu, naye anakataa mara tatu. Huyo hangekubali kuachwa Beer-sheba.

Kitanda kidogo tulikitoa Desemba. Tulikibeba wawili, kila mtu upande wake, mpaka kwa jirani aliyekuwa anatarajia.

Wanaume, Jumamosi hii tunakutana kwenye lango la kanisa saa kumi na mbili asubuhi. Hatukimbii, tunatembea mpaka Donholm na kurudi, wawili wawili. Ukiwa na viatu vya mvua, njoo navyo. Mke wangu na akina mama wa jikoni wamesema chai na mkate vitakuwepo tukirudi, na kwamba tule kabla ya kuanza kuomba.