Saa Zilizopatikana Mpakani Ni za Nani?



Twapenda safari hii tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi huliona ni la dunia tupu, nalo lina hisabu kubwa kesho Akhera: namna tunavyowapangia kazi wale tuliowaajiri.

Wengi katika sisi watu wa pwani riziki zetu zimefungamana na njia ya Mombasa na Uganda. Huyu ana malori, yule ni wakala wa forodha, mwengine ana mwana au mkwe aliye dereva. Njia hiyo, yenye zaidi ya kilomita 900, hufika mpakani kwenye miji miwili, Malaba na Busia. Zamani dereva alikaguliwa kwanza upande wa Kenya, kisha akivuka akaanza tena upande wa Uganda. Akilala garini siku nyingi, akila ovyo, akitafuta maji hata ya kutawadhia.

Kazi hiyo ikapangwa upya. Mwaka 2014 nchi zetu zilianza kufuata forodha ya pamoja, na ushuru wa mizigo ya Uganda ukawa walipwa kabla mzigo haujatoka bandarini. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hukagua pahala pamoja, katika upande ule msafiri anaoingia. Malaba nako kuna kituo cha namna hiyo. Hili ni jambo la kheri, na mwenye kulikanusha hakufanya insafu.

Lakini twauliza: saa zile zilizopatikana zimekwenda kwa nani? Tulikaa na madereva baada ya sala ya Ijumaa huko Malaba, tukawaona macho yao mekundu kwa kukesha. Mmoja wao akatwambia: "Sheikh, foleni ilituchosha, lakini pia ilitulaza. Sasa hata mzigo haujesha kushushwa, simu ya tajiri yalia; yuauliza mbona sijageuza gari."

Basi saa zile dereva hakuzipata. Tajiri amezichukua akazifanya safari nyengine.

Sheria ya Kenya yakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Na tupige hisabu: hata gari likienda kilomita 80 kwa saa bila ya kusimama, Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya saa 11. Kwa hivyo tajiri anayemtaka dereva mmoja afike kabla ya siku moja kupita amemwamuru avunje sheria, na aihatirishe roho yake na za watu wengine njiani.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa wanaotutumikia ni ndugu zetu, tusiwakalifishe yanayowashinda, na tukiwakalifisha tuwasaidie. Na msaada hapa wajulikana: dereva wa pili, au siku ya pili. Tena Sharia imempa msafiri rukhsa ya kupunguza sala. Ikiwa Mwenyezi Mungu amempunguzia msafiri ibada Yake Mwenyewe, tajiri ni nani asimpunguzie safari?

Tajiri atasema: "Nami nina deni la benki." Twalijua hilo. Lakini deni lako halilipwi kwa usingizi wa mtu mwengine.

Wako na makarani wa mpakani, ambao kazi zao nyingi zilihamia Mombasa au zikaingia katika kompyuta. Mtu akiambiwa asubuhi kuwa kazi yake haiko tena, hapotezi mshahara tu. Hupoteza usingizi, hamu ya chakula, na uso wa kuwatazamia watoto wake. Sheria ya kazi ya mwaka 2007 yataka apewe ilani isiyopungua mwezi mmoja, na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Anayeyazuia hayo amekula haki ya mtu, ijapokuwa asali safu ya kwanza.

Juu ya yote, tushauriane. Januari 2022 madereva walipotakiwa walipe wenyewe gharama ya kupimwa korona ndipo waingie Uganda, walikataa, na malori yakajipanga makilomita mengi. Mwenye kupanga kazi bila ya kumuuliza mwenye kuifanya hujikuta ameipanga mara mbili.

Nanyi madereva, miili yenu ina haki juu yenu. Miraa haiondoi uchovu. Yauficha tu, mpaka ukutokee ghafla penye mteremko. Simamisheni gari, musali, mulale. Na tajiri akighadhibika, mwambieni mzigo wake ni amana, na roho zenu pia ni amana.

Katika kisa cha Nabii Musa (A.S.) twasoma kuwa yule mzee wa Madyan alipomwajiri alitaja muda wa kazi, kisha akamweleza kuwa hataki kumtaabisha. Kila mmoja wetu aliyeajiri mtu na ajiulize leo, kabla ya kupiga simu: je, mimi nimewahi kumwambia wangu neno hilo?

Mwenyezi Mungu atujaalie insafu katika kazi zetu, na awarejeshe wasafiri wetu majumbani kwao kwa salama. Amin.