Samaki Yule Hakuwa Wake



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu wanafunzi, niliombwa niandike kuhusu tawakkul na riziki. Nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno mazuri, kisha nikayaweka kando. Anayeusia wenzake hana budi kuanza na nafsi yake, na mimi katika jambo hili nina deni. Najua kwamba dini yetu haipendi mtu atangaze kosa ambalo Mwenyezi Mungu amemsitiria. Lakini kosa hili nilimkosea mama yangu, yeye amenisamehe, na nilipomwomba ruhusa ya kulieleza alisema, "Liandike, mwanangu, huenda likamfaa mwenzio."

Mwishoni mwa muhula uliopita tulikwenda watu kumi na wawili kutembea kwa boti katika Mfereji wa Kazinga. Kwa wasioijua Kasese, mfereji huu ni mkondo wa asili wa kama kilomita 32, unaoyatoa maji ya Ziwa George na kuyapeleka Ziwa Edward. Umo ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952, ambamo zaidi ya aina 600 za ndege zimeorodheshwa. Ziwa George lenyewe, pamoja na matete na mafunjo yake, ndilo ardhioevu ya kwanza ya Uganda kuingizwa katika orodha ya Ramsar, mwaka 1988. Mto Nyamwamba unaopita mjini kwetu Kasese huishia huko. Kwa hiyo chupa tunayoitupa mtoni tukidhani imekwenda zake, imekwenda kwa ndege hao.

Safari ilikuwa na mchango wake, nami sikuwa na kitu. Mama yangu anaishi Bwera na anauza maharage katika soko la Mpondwe, pale mpakani na Kongo. Nilimpigia simu nikamwambia kuna vitabu viwili nimetakiwa kununua. Baada ya siku tatu alinitumia shilingi 80,000. Sikumuuliza amezipata vipi. Nililipa mchango wa boti, nikaazima kamera ya mwenzetu mmoja, na nafsi yangu ikanipa fatwa ya haraka: kutazama ishara za Mwenyezi Mungu nako ni elimu, basi uongo gani hapo?

Tuliondoka Katunguru baada ya swala ya adhuhuri. Wallahi, mfereji ule unapendeza. Viboko wamelala majini kama mawe. Wanandi wamekaa kwenye miti mikavu, mabawa wameyatandaza wakayakausha. Mwari wanaogelea kwa safu, yangeyange wametulia pembezoni, na furukombe juu ya mti analia sauti inayofika ng'ambo. Ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza alisema taratibu, "Subhanallah," akaendelea kuirudia. Mimi nilikuwa kimya, kwa sababu jicho langu moja lilikuwa kwenye kamera na jingine nimelifumba.

Najua wanachuoni wametofautiana kuhusu picha za kamera, nami sijakaa hapa kuamua baina yao. Nasema tu lililonipata. Katika Surat al-Mulk, aya ya 19, Mwenyezi Mungu anauliza kama watu hawawaoni ndege walio juu yao, wakikunjua mabawa na kuyakunja, wala hapana anayewashikilia ila Yeye Mwingi wa Rehema. Tumeulizwa kama tumeona. Siku ile nilirudi na picha mia tatu na kitu, na ningeulizwa nimeona nini, ningelazimika kwanza kuwasha kamera.

Upande mmoja wa mfereji kuna gema la udongo lililojaa mashimo. Humo hutaga mdiria, wale weusi kwa weupe, wenye mdomo mrefu kama sindano ya kushonea magunia. Mdiria huyu husimama hewani juu ya maji, akipigapiga mabawa bila kusogea, kisha hujitupa kama jiwe. Mara nyingi hutoka mtupu. Hujikung'uta, hupanda tena, husimama tena hewani. Nilimwona mmoja akizama mara nne bila kupata kitu. Ya tano akaibuka na samaki.

Nilimwomba nahodha asogeze boti karibu kabisa na gema, nipate picha yake akiingia shimoni. Nahodha akasogeza. Yule ndege akaja na samaki wake mdomoni, akatuona, akageuka. Akaja tena, akageuka. Akatua kwenye kijiti mbele yetu, samaki bado yumo mdomoni. Mimi nikafurahi, maana alikuwa ametulia vizuri. Nikapiga picha baada ya picha.

Mwongoza wageni, mzee mmoja mpole, aliniuliza, "Kijana, mbona hamli huyo samaki?"

Nikasema labda anatuogopa.

"Mtazame samaki amekaaje. Akitaka kumla mwenyewe, humgeuza kichwa kielekee kooni kwake. Huyu kichwa kimeangalia nje, ili kinda apate kummeza bila kukwama. Ukimwona mdiria na samaki wa namna hiyo, jua samaki si wake. Tuondoke, wako wanaomngoja humo ndani."

Nikasema, "Dakika moja tu, mzee." Dakika ile ikawa kumi. Mwishowe yule ndege akaruka akaenda zake na samaki wake, nasi tukaondoka.

Ndugu zangu, hadithi ya ndege tunaipenda sana sisi wanafunzi. Umar bin al-Khattab (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.), na Tirmidhi ameipokea, kwamba lau tungemtegemea Mwenyezi Mungu ukweli wa kumtegemea, angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege, wanaotoka asubuhi na njaa na kurudi jioni wameshiba. Tunaisoma ada zikichelewa, tunaisoma chakula kikiisha chumbani. Na wanachuoni wametuzindua kwamba ndege yule hakukaa kiotani; alitoka. Mpaka hapo wengi tunafika.

Lakini jiulize: katika kiota kile, wewe ni nani? Mimi nilikuwa nikijihesabu kuwa ndege anayetoka asubuhi. Sikuwa. Mimi ni yule kinda aliye gizani ndani ya shimo, anayefungua mdomo. Aliyetoka na njaa asubuhi ni mwingine. Anakanyaga umande wa Bwera na gunia mgongoni, anazama mara nne bila kupata, na anachokipata mara ya tano amekishika kichwa kikiangalia nje.

Iko hadithi nyingine ambayo hatuisomi sana. Abdullah bin Mas'ud (r.a.) amesimulia, na imo katika Sunan Abi Dawud, kwamba walikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.). Alipoondoka kwa haja yake, wakaona ndege mwenye makinda wawili, wakawachukua wale makinda. Mama yao akaja akawa anapigapiga mabawa. Mtume aliporudi aliuliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa ajili ya watoto wake, akaamuru arudishiwe. Maswahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume mwenyewe, na hilo halikuwa kisingizio cha kumtaabisha mzazi, hata akiwa ndege. Mimi siku ile nilikuwa nimewataabisha wazazi wawili, na kisingizio changu kilikuwa mazingatio.

Jioni wenzangu walirudi Kasese mjini. Mimi nilishuka Kikorongo nikapanda taksi ya kwenda Mpondwe, kwa kuwa nilikuwa nimemwahidi mama kwamba nitafika. Nilimkuta ameniwekea ugali wa muhogo na sombe. Yeye hakula pamoja nami; alisema amekwisha kula. Nikanawa, nikala. Kisha nikamwonyesha picha, nikidhani zitamfurahisha kabla sijasema lililonileta. Akazitazama moja moja mpaka akafika kwa mdiria. Nikamweleza habari ya kichwa cha samaki kama nilivyoelezwa.

Akaniuliza, "Na aliingia?"

"Nani, Mama?"

"Huyu ndege. Aliwafikia wanawe?"

Nikasema sijui. Tuliondoka kabla.

Akanirudishia kamera bila kusema neno. Hapo ndipo nilipomwambia kwamba vitabu havikuwapo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia kwamba ile 80,000 ilikuwa sehemu ya fedha za kununulia magunia ya msimu, na kwamba wiki ile alikuwa amechukua maharage kwa mkopo ili meza isikae tupu. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Sasa uliposema vitabu, nikawaambia majirani kwamba mwanangu anasoma. Nikawaambie nini?"

Likizo yote nilikaa naye sokoni, nikibeba magunia na kupima maharage. Haikulipa deni lote. Lakini huko ndiko nilikoijua tawakkul kwa macho: alfajiri anaswali, anatoka, na akifika sokoni hajui nani atanunua.

Baadaye nilisoma habari za mdiria. Watafiti waliowachunguza kandokando ya Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha waligundua kwamba jozi nyingi za wazazi zina wasaidizi. Miongoni mwao wamo madume waliozaliwa hapo miaka ya nyuma, ambao hawajapata wenza wao. Hubaki na kuvua samaki kwa ajili ya wadogo zao. Katika Surat al-An'am, aya ya 38, tumeambiwa kwamba ndege arukaye kwa mabawa yake mawili ni umma kama sisi. Basi katika umma ule mtoto wa jana ndiye anayeleta samaki leo. Nami nina wadogo watatu Bwera.

Siwakatazi kwenda Kazinga. Nendeni mkatazame, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kutazama. Nendeni kwa fedha za halali na kwa ukweli. Kaeni mbali na viota, na ndege akirudi na kitu mdomoni, mpisheni apite. Kisha ukipokea ujumbe wa simu kwamba fedha zimeingia, kabla hujapanga matumizi, uliza zimetoka katika maji gani, na zilizamiwa mara ngapi.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo. Waliotangulia wasamehe, waliobaki wape afya na baraka katika mikono yao. Utujaalie kuona, wala usitufanye katika wale wanaotazama tu. Amin.

Wabillahi tawfiq.