Aliyerudi Mikono Mitupu: Nani Anamdai Mwenzake?

Maandiko: Luka 15:11–32, Ruthu 2



Miaka mitatu hivi iliyopita tulimwombea dada mmoja hapa madhabahuni. Alikuwa anaenda Saudia kufanya kazi ya nyumbani. Tulikuwa tumemchangia pesa za pasipoti, kanisa lote likasimama, akina mama wakapiga vigelegele. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika maikrofoni. Nilitangaza kwamba anaenda kama mjakazi lakini atarudi kama malkia. Mkasema amina.

Mwaka huu amerudi. Safari hii hakuna aliyesimama. Alikuja ibada ya kwanza, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, akatoka kabla ya baraka. Nilimkimbilia hadi getini, nikamsalimu, halafu, Mungu anisamehe, nikamuuliza: "Sasa dada, shukrani utatoa lini?" Akaniangalia kidogo, akasema: "Pasta, nimerudi na begi moja."

Amenipa ruhusa nisimulie haya bila kumtaja jina. Tumewaombea wengi na wengi wamerudi, kwa hivyo tafadhali msianze kukisia. Lakini jibu lake limenikosesha usingizi, kwa sababu nilimuuliza kama mtu anayemdai. Basi tujiulize leo: mtu akirudi mikono mitupu, nani anamdai mwenzake? Sisi tunamdai yeye, ama yeye anatudai sisi?

Chuoni nilisomea biashara, na kitu kimoja tulichofundishwa mapema ni hiki: katika ubia, washirika hugawana faida na hugawana hasara. Anayekula faida peke yake na kukataa hasara si mshirika, ni mnyonyaji tu. Dada huyu alilipwa riyali 900 kwa mwezi, kama shilingi 31,000 hivi. Sehemu kubwa ilikuja huku. Ilinunua mabati ya nyumba ya mama yake. Ililipa karo ya ndugu zake wawili. Ilimtoa shemeji hospitalini. Na tusijifiche, wapendwa: nilifungua daftari la kanisa, na fungu lake la kumi liko pale karibu kila mwezi. Sisi pia tulikula.

Hata nchi yetu imekula. Mwaka 2024, Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9. Hizo ni nyingi kuliko tunazopata kwa kuuza chai yetu ng'ambo, na Saudia ni miongoni mwa nchi zinazoleta nyingi zaidi. Pesa zikiingia tunasema "zetu". Mtu akirudi amevunjika, ghafla hasara inakuwa "yake".

Tena hasara yenyewe mara nyingi hakuifanya yeye. Kule Ghuba kuna utaratibu wa kafala: kibali cha kuishi cha mfanyakazi kimefungwa kwa mwajiri wake. Ukitoka kwa mwajiri bila idhini, hata kama unakimbia kupigwa, unaweza kupoteza kazi, mahali pa kulala na kibali kwa siku moja. Machi 2021 Saudia ililegeza baadhi ya masharti hayo, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakuingizwa. Dada yetu aliwekewa mshahara wake wa miezi mitano ya mwisho, na hadi leo hajauona. Kusema kwamba hakuwa na bidii ama hakuwa na imani ni kumhukumu kwa kesi isiyokuwa yake.

Najua mtu ataniambia, "Pasta, wengine kweli walitapanya. Si hata Biblia ina mwana mpotevu?" Sawa, twende kwa mwana mpotevu. Yule kijana alichukua mali ya nyumbani akaenda kuila mbali. Lakini angalieni hadithi za hapa kwetu. Aliyeenda mbali ndiye alikuwa anatuma, na ni huku nyumbani mali ilikotapanywa. Ni kaka aliyetumiwa pesa za ploti, na ploti haionekani. Ni mjomba aliyepewa pesa za ng'ombe, na ng'ombe "alikufa". Halafu huyu aliyetuma akifika, sisi tuliobaki ndio tunanuna kama yule ndugu mkubwa, tukimuuliza alikuwa wapi na ameleta nini.

Na hata yule aliyetapanya kweli, baba yake alimkimbilia kabla ya kuuliza hesabu. Simaanishi hesabu haina siku yake. Ina siku yake, tena sasa tujue ni nani anayepaswa kuitoa. Kama ulikuwa unapokea pesa za dada yako, hesabu ni yako. Keti naye, toa taarifa ya M-Pesa, mwonyeshe zilikoenda. Kama ulikula, sema nilikula, na mpange utarudishaje. Kumkumbatia mtu huku umemfichia ukweli hakuwezi kuitwa upendo.

Sasa, kama tuna deni, tunalilipa vipi? Hapa nataka tuwe waangalifu, kwa sababu kuna kusaidia kunakomdharau mtu. Tazameni Ruthu na Naomi. Naomi aliondoka Bethlehemu wakati wa njaa, akarudi amefiwa na mume na watoto wawili, hana kitu. Hakuna aliyewapelekea unga mlangoni akapiga nao picha. Sheria ya Mungu ilikuwa tayari imewaagiza wenye mashamba wasivune hadi pembeni, mabaki yawe ya maskini na ya mgeni. Boazi akaongeza: akawaambia vijana wake waangushe masuke makusudi. Ruthu bado aliinama, bado alitoka jasho, na jioni alibeba shayiri aliyoiokota kwa mikono yake. Alipewa nafasi, na heshima yake ikabaki.

Wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitumia methali hii kufukuza watu kwa adabu. Lakini ukimpa mtu jembe, si umwonyeshe na pa kulima?

Tuseme mambo ya kawaida basi. Dada yetu aliponiletea wasifu wake wa kazi niuangalie, miaka ile ya Saudia ilikuwa wazi, hakuna kitu. Rafiki alikuwa amemshauri ajaze kwamba alikuwa na biashara ndogo. Nilimwambia hapana, kwanza kwa sababu ni uongo, na pili kwa sababu uongo huo unakubali kwamba kazi aliyoifanya ni aibu. Nikamuuliza, "Hebu niambie ulikuwa unafanya nini." Kumbe aliendesha nyumba ya watu tisa. Alimhudumia nyanya mwenye kisukari, akimpima sukari na kumpa dawa kwa saa zake. Anaongea Kiarabu. Jameni, kwa macho ya mtu wa biashara huyo si mtu wa mikono mitupu. Tuliandika yote, kwa majina yake halisi.

Kuna na mlango wa cheti. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutahini ufundi kama upishi, na hapa nchini kuna utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kupitia darasani. Wewe uliyerudi, ulizia. Na wewe unayejiandaa kwenda, hakikisha kwanza kwamba ajenti wako amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kabla hujaja mbele tukuombee.

Ushauri mwingine: usikimbilie mkopo wa kufungua duka wiki ya kwanza ili watu wasiseme. Aliyefika juzi bado hajui bei za leo wala wateja wa leo. Jipe miezi mitatu ya kutazama na kupumua, na kama kuna mambo yaliyokuumiza huko, tafuta mtu wa kuyasikiliza. Na sisi jamaa tusimsukume arudi tena kwa sababu karo inakaribia. Kuenda ama kubaki ni uamuzi wake.

Wenye saluni, hoteli, shule na maduka katika kanisa hili, mko. Nawauliza swali la Boazi: pembe ya shamba lako iko wapi? Sikuombi umlipe mtu asiyefanya kazi. Nakuomba nafasi moja, mwezi wa majaribio, ama saa moja ya kumfundisha hesabu za biashara yako. Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili nitakuwa na meza pale nje. Mwenye nafasi aandike, mwenye ujuzi aandike. Nitawakutanisha mimi mwenyewe.

Nilimrudia dada yetu nikamwomba msamaha, kwa lile swali la getini na pia kwa ule utabiri. Nilikuwa nimempima malkia kwa mizigo. Alicheka kidogo, halafu akaniambia kwamba kilichomuuma zaidi si kurudi na begi moja. Ni kwamba hakuna aliyemuuliza kama alikuwa anakula.

Tuanzie hapo.

Maswali ya ushirika wa nyumbani wiki hii:
1. Katika familia yetu, ni nani alituma na hatujawahi kumpa hesabu?
2. Mtu akirudi kutoka nje, swali letu la kwanza huwa ni lipi?
3. Pembe ya shamba langu ni ipi, na nitaiacha kwa nani?

Sala: Bwana, tusamehe tuliokula faida na kukimbia hasara. Tupe miguu ya yule baba aliyekimbia, na mikono ya Boazi iliyoangusha makusudi. Katika jina la Yesu, amina.