Adabu za Sinia: Chakula cha Nyumbani na Kuwakirimu Marafiki

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaruzuku waja wake vitu vizuri; na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, aliyekuwa karimu kuliko watu wote, na jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad:

Katika neema ambazo watu huzila killa siku wala wasizihisabu ni chakula kilichopikwa nyumbani na kuliwa pamoja na marafiki. Sinia la wali wa nazi na samaki wa kupaka likifunuliwa kawa, mvuke ukapanda, na watu wanne watano wakakaa mkekani wamekwisha nawishwa mikono, hapo hukutana starehe ya mwili na starehe ya moyo. Wako wadhanio kuwa jambo hili ni la tumbo tu, halina njia katika dini. Dhana hiyo ni mbovu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), ametenga katika Ihyaa kitabu kizima cha adabu za kula, akakigawa milango 4: kula mtu peke yake, kula pamoja na wenziwe, kuwatengea chakula ndugu wazuruo, na mambo ya karamu.

Kula pamoja huleta baraka. Masahaba walimshitakia Mtume S.A.W. ya kuwa wao hula wasishibe. Akawauliza kama hula mbalimbali, wakakubali. Akawaamuru wakikusanyikie chakula chao na wamtaje Mwenyezi Mungu, ili wabarikiwe. Hadithi hii ameipokea Abu Daud. Na katika Bukhari na Muslim Mtume ametufahamisha kuwa chakula cha wawili huwatosha watatu. Sharia haikumkataza mtu kula peke yake. Lakini amwonaye rafiki yake barazani, na chungu chake ki tayari, akamwacha aende zake, huyo amejinyima baraka kwa khofu ya kupungukiwa na tonge.

Na sinia lina adabu zake. Umar bin Abi Salama, aliyelelewa nyumbani kwa Mtume, alikuwa mtoto mdogo, na mkono wake ukizunguka sahanini. Mtume akamfundisha mambo 3: amtaje Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu naye. Tazameni hekima ya jambo la tatu. Nyama huwekwa katikati juu ya wali. Mwenye pupa hunyosha mkono akaitwaa, na mwenye haya hubaki akila wali mtupu, kisha huondoka akishukuru kwa ulimi na moyo una kinyongo. Basi ni vema mwenye nyumba aimege nyama, amwekee killa mtu mbele yake.

Amma kujikalifisha, hiyo ndiyo maradhi iuayo urafiki. Imepokewa kuwa Salman al-Farsi R.A. alizuriwa na wageni, akawatengea mkate na chumvi, akawaeleza kuwa lau Mtume hakukataza watu kujikalifisha, angalijikalifisha kwa ajili yao. Mmoja wao akatamani majani ya zaatari kutia katika chumvi ile. Salman akatoa chombo chake cha kutawadhia, kikawekwa rahani, zaatari ikaletwa. Walipokwisha kula, mgeni yule akamshukuru Mungu aliyewakinaisha kwa alichowaruzuku. Salman akamjibu ya kwamba lau angalikinai, chombo kile kisingalikuwa rahani.

Khabari hii ina mafunzo mawili. Mwenyeji atoe alichonacho, hatta kikiwa muhogo na chai ya rangi, wala asione haya. Na mgeni asitamani kisichoko. Kwani hajui neno lake limekwenda kufungua sanduku gani.

Na lililo kubwa zaidi ni karamu za arusi. Mtume alipomwoa Bibi Safiya R.A. mwaka 7 wa Hijra, katika kurudi kutoka Khaibar, karamu yake ilikuwa tende na samli na maziwa yaliyokaushwa. Haikuwa na nyama wala mkate. Basi ni nani aliyewaambia watu kuwa arusi haisimami ila kwa pilau ya magunia? Watu hukopa, huuza minazi, huweka rahani dhahabu za wake zao, wapate kusifiwa siku moja. Na deni hubaki likilala nao miaka. Kisha katika wingi ule wa vyakula, maskini wa mtaa hakualikwa. Mtume amekitaja chakula cha karamu wanayoalikwa matajiri wakaachwa maskini kuwa ni chakula kilicho kiovu kabisa. Na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wamesema kuwa kuitika mwaliko wa karamu ya arusi ni wajibu, lakini kwa masharti, na mojawapo ni kuwa mwenye karamu asiwakhusu matajiri kwa utajiri wao. Basi amtoaye maskini katika karamu yake amejiondolea mwenyewe haki ya kuitikiwa.

Enyi Waislamu! Kumbukeni na mkono uliopika. Mtume ameamuru ya kuwa mtumishi akimletea bwana wake chakula, amkalishe ale naye. Asipomkalisha, basi ampe tonge moja au mbili, kwani yeye ndiye aliyevumilia joto la moto na taabu ya kukitengeneza. Ikiwa hii ndiyo haki ya mtumishi, je, ya mke? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 (1277), ameandika katika Minhaj kuwa posho ya mke kwa siku ni mudi 2 kwa mume tajiri, mudi 1 na nusu kwa wa kati, na mudi 1 kwa maskini. Tena kusaga na kuoka ni juu ya mume. Wala wanazuoni wa madhehebu haya hawakuujaalia upishi kuwa wajibu wa mke. Basi mke akunaye nazi, akachuja tui, akakaa mbele ya mafiga moshi ukimwingia machoni, hiyo ni ihsani yake, si deni alilipalo. Vipi mume huleta wageni watano saa ya Magharibi pasipo kumpa khabari, kisha akasema mbele yao kuwa mchuzi umezidi chumvi? Mtume hakukitia aibu chakula kamwe: akikipenda hukila, asipokipenda hukiacha.

Wala mgeni asikirimiwe kwa njaa ya watoto. Ni mashuhuri kisa cha Ansari na mkewe waliowalaza watoto wao, wakaizima taa, wakamwachia mgeni chakula. Lakini Imamu Nawawi, katika sherehe ya Sahihi Muslim, ameeleza ya kuwa watoto wale hawakuwa na njaa ya kuwadhuru. Kwani lau wangalikuwa nayo, kuwalisha wao ndiko kungalikuwa wajibu, kukatangulia haki ya mgeni. Basi asijidai ukarimu mtu ambaye sinia lake hurudi ndani na ukoko na mifupa, na watoto wake wanangojea nyuma ya pazia.

Na harufu ya chungu haina ukuta. Humfikia jirani kabla ya chakula kumfikia mwenyewe. Mtume alimuusia Abu Dharr R.A. ya kuwa apikapo mchuzi auzidishe maji, apate kuwagawia jirani zake. Hakumwambia azidishe nyama, kwani si killa mtu aipatayo. Lakini maji hayamshindi mtu. Basi hapana mwenye chungu aliye na udhuru.

Mwenyezi Mungu awabariki Waislamu katika alichowaruzuku, awalishe wenye njaa wao, awalipe kheri wapikao na wagawao, na aijaalie mikono ikutanayo katika sinia moja ikutane na katika Pepo yake. Amin.