Kitu Kilichobadilishwa: Thamani Yake Ni Nini?



Mzee akifa na kuwaachia wajukuu jembe, mmoja atauliza: «Je, hili ni jembe la babu kweli? Mpini wake ulivunjika mara tatu, naye akatia mwingine.» Mwenzake atajibu: «Lalima vizuri. Maneno ya nini?» Wote wawili wana haki, maana hawaulizi jambo moja. Huyu afikiri kazi, yule afikiri ukumbusho. Kwa kazi, mpini mpya ni faida. Kwa ukumbusho, yafaa kuuliza zaidi.

Swali hilo twaliona wazi sana kwa watu wa Marekani wanaokusanya bastola za kale. Mwaka 1873 jeshi la Marekani lilikubali bastola mpya ya kiwanda cha Colt, katika mji wa Hartford. Ilichukua risasi sita ndani ya gurudumu dogo lenye kuzunguka. Zile za askari wapanda farasi zilikuwa na mtutu wa sentimeta 19 hivi. Leo mkusanyaji hatafuti bastola ya namna hiyo kwa ajili ya kupiga. Aitafuta kama shahidi wa nyakati zilizopita, na kwa ushahidi huo yuko tayari kulipa fedha nyingi.

Basi, shahidi hupimwaje? Kama barazani: aulizwa, na maneno yake yalinganishwa. Mkusanyaji atazama namba zilizopigwa juu ya vyuma. Zikilingana, ni dalili kwamba vyuma hivyo vilitoka kiwandani pamoja. Atazama alama za wakaguzi wa serikali. Atazama pembe za chuma: zikiwa zimelika, na herufi zimefifia, labda mtu alikisugua chuma ili akitie rangi mpya. Tena kampuni ya Colt imehifadhi vitabu vya zamani, navyo mara nyingi vyaonyesha siku bastola ilipotoka kiwandani na urefu wa mtutu wake.

Hapo mgeni hustaajabu. Bastola iliyong'arishwa kama mpya hupata bei ndogo kuliko ile iliyochakaa kwa umri wake. Sababu ni nyepesi: aliyesugua kutu alisugua pia maneno ya shahidi.

Je, kila badiliko ni hasara? Sivyo. Tangu mwaka 1895 serikali yenyewe ilianza kukata mitutu ya bastola nyingi za wapanda farasi, ikawa ya sentimeta 14 hivi, ili zitumiwe na askari wa mizinga. Nyingi zilifunguliwa na kutengenezwa, vyuma vikachanganyika, hata namba katika bastola moja hazilingani. Na vita vya Ufilipino vilipoanza mwaka 1899, bastola hizo zilipelekwa tena kazini. Wakusanyaji wazithamini pamoja na mitutu yao iliyokatwa na namba zao zisizolingana, maana kukatwa huko ni sehemu ya maisha yao.

Sasa weka bastola tatu juu ya meza, zote za mtutu mfupi. Ya kwanza ilikatwa na serikali. Ya pili ilikatwa na mwenyewe nyumbani kwa msumeno, apate kuichukua kwa urahisi. Ya tatu ilikatwa juzi, ikapigwa alama za uongo, ili ifanane na ya kwanza. Ya kwanza yasema kweli. Ya pili nayo yasema kweli, ingawa habari yake ni ndogo na bei yake pia. Ya tatu yasema uongo. Basi haitoshi kuuliza: «Imebadilishwa?» Yafaa kuuliza: «Nani aliibadilisha, lini, kwa sababu gani, na je, amelificha jambo hilo?»

Tuseme mjane mmoja ana bastola aliyoachiwa na mumewe. Ajua kwamba mume ndiye aliyeukata mtutu na kupiga alama. Mnunuzi aja, adhani ni ya serikali, naye ataja bei ambayo ingelipa shule ya watoto mwaka mzima. Mjane hakusema neno la uongo. Je, aweza kunyamaza?

Wengine watasema: «Mnunuzi ana macho, na atazame.» Mtakatifu Tomasi wa Akwino, katika karne ya 13, alilijibu neno hilo. Kasoro iliyo wazi, muuzaji halazimiki kuitangaza, mradi apunguze bei kama ipasavyo. Lakini kasoro iliyofichika, iwezayo kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima aiseme. Na hapa hasara si peke yake. Kama matundu ya risasi yalipanuliwa ili kupokea risasi nyingine zenye nguvu zaidi, chuma chaweza kupasuka mkononi mwa mtu.

Wengine watasema: «Mnunuzi ni tajiri, anacheza tu na fedha zake.» Lakini mizani ya haki haitazami mfuko wa mtu. Ukimwibia tajiri, umeiba.

Wengine tena watauliza kama yafaa kuheshimu chombo cha kuulia watu. Swali hilo ni jema. Mimi nasema: tusiheshimu damu iliyomwagwa, lakini tusiharibu ushahidi wake. Shahidi anayesema kweli juu ya mambo mabaya atufaa kuliko shahidi wa uongo juu ya mambo mazuri.

Basi mjane huyo aseme: «Mume wangu aliukata, na alama alizipiga yeye.» Bei itashuka, na shule italipwa kwa shida. Hasara hiyo ni ya kweli, nasi tusiifanye ndogo. Lakini fedha atakazopokea zitakuwa zake kweli, na watoto wake watasoma kwa fedha ambazo hakuna mtu atakayekuja kuzidai.

Na wewe uliyeachiwa jembe la babu, ukiulizwa habari ya mpini, sema tu: «Huu ni wa nne.» Jembe halitaona haya.