Mbalamwezi Ikiwaka, Zima Sigara

Wavuvi wa Matema, Ngonga na Itungi, maneno haya ni yenu. Nawaandikia ninyi mnaoingia ziwani jua likizama, mkawawashia usipa taa usiku kucha, paketi ya sigara ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isilowane. Nataka muache. Na nataka mjue kwamba mnaweza, kwa sababu kinachowashika kina mahali pake mwilini na kina muda wake wa kulegea.

Tuanzie mkononi. Unapovuta kamba ya wavu, mshipa wa fahamu unamwaga kemikali iitwayo asetilikolini juu ya msuli. Msulini kuna vipokezi, na kila kimoja ni protini tano zilizojipanga duara, katikati pana tundu. Asetilikolini ikinata hapo, tundu linafunguka, sodiamu inaingia, msuli unakaza, wavu unapanda. Papo hapo kimeng'enya kinaivunja asetilikolini, na mkono uko tayari kuvuta tena. Ubongoni nako mna vipokezi vya ukoo huohuo. Ndivyo vinavyokusaidia kukaa macho saa nane za usiku, kukumbuka mwamba ulipo, kumsikia mwenzako anaposema upepo umegeuka. Mzee anayeugua Alzheimer, anayefika mahali akasahau majina ya wanawe, amepoteza vipokezi hivi kwa wingi pamoja na seli zinazotengeneza asetilikolini yenyewe. Mali ya namna hii hailindwi kwa moshi.

Vipokezi hivi vinaitwa vya nikotini kwa sababu nikotini ya tumbaku inanata palepale. Ukivuta pafu moja, ndani ya sekunde zisizofika ishirini imeshafika kichwani. Tatizo ni kwamba kile kimeng'enya hakiwezi kuivunja. Inaganda. Kipokezi kilichokaliwa muda mrefu kinazimika, na ubongo, ukiona vipokezi vyake havijibu, unaongeza vingine. Mvutaji wa miaka anabeba vipokezi vingi kuliko jirani yake asiyevuta. Ukilala, nikotini inapungua, vipokezi vinaamka vyote kwa pamoja, vinadai kama makinda kiotani. Ndiyo maana sigara ya alfajiri ni tamu kuliko zote, na ndiyo maana ukiikosa unamfokea mtoto asiye na kosa. Ule utulivu unaousifia, ndugu yangu, kwa sehemu kubwa ni deni la jana unalolipa kwa mkopo mpya.

Kwa hiyo mtu asikwambie huna msimamo. Nakataa kabisa neno hilo. Mwanamume anayekabili mawimbi ya mwera usiku, milima ya Livingstone ikiwa imezama gizani, hana upungufu wa msimamo. Ana vipokezi vilivyozidi, na vilivyozidi hupungua.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walipiga picha za ubongo za watu walioacha sigara. Baada ya wiki sita hadi kumi na mbili, vipokezi vyao vilikuwa vimerudi kwenye kiwango cha watu wasiovuta. Soma sentensi hiyo tena. Si maisha yote. Kutoka kusia mpunga hadi kuuvuna ni muda mrefu kuliko huo.

Lakini ni lazima uache kabisa. Watafiti wengine wa Marekani, wa chuo kikuu cha California kilichoko Los Angeles, walionyesha mwaka 2006 kwamba pafu moja au mbili tu zinakalia nusu ya vipokezi hivyo vya ubongoni kwa saa tatu hivi. Pafu mbili! Yule rafiki anayekwambia "vuta hii moja tu, uondoe baridi" anakurudisha mwanzo bila kujua.

Wazee wangu wa ugoro, shikamooni. Ugoro hauna moshi, ila nikotini yake ni ileile na vipokezi ni vilevile. Nawaomba na ninyi. Na wewe mwenye kibanda unayeuza sigara mojamoja: sheria ya mwaka 2003 inakukataza kumuuzia mtoto. Ubongo wa kijana bado unajengwa, na ukifunzwa nikotini mapema hushika mno. Mtoto akija na sarafu yake, mwuzie daftari.

Sasa lini uanze? Siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu kuliko zote: kichwa kinauma, usingizi unakatika, hasira iko mlangoni. Nani awe mtumbwini katika hali hiyo? Ninyi mnajua kwamba mbalamwezi ikiwa kali usipa hawaji kwenye taa, na wengi hubaki nchi kavu. Anza hapo. Mwezi ukikaribia kujaa, usibakize hata kipande nyumbani. Mwambie mama watoto, mwambie na nahodha. Hamu ikipanda, nenda kashone wavu, nenda shambani kwenye kakao, kunywa maji. Hamu moja haidumu, hupita ndani ya dakika chache. Pita hospitali ya wilaya pale Kyela au ya Matema, umuulize mganga kuhusu dawa. Kuna viraka vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi, na kuna vareniklini, iliyobuniwa kukamata vipokezi hivihivi na kuviamsha kidogo tu ili hamu ishuke. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Kama hapo haipo, uliza itapatikana wapi Mbeya.

Giza likirudi na mitumbwi ikishushwa, utakuwa umeshavuka siku zile mbaya. Ingia majini bila paketi, na kabla hamjasukuma mtumbwi mwambie mwenzako asikupe hata ukimwomba.