Kapelo ya Mpiga Fidla



Asiyekujua hakuthamini. Ndivyo tunavyosema.

Asubuhi moja ya Januari 2007, katika kituo cha treni mjini Washington, Marekani, mwanamume mmoja alivaa kapelo, akasimama karibu na ukuta, akapiga fidla. Watu wakapita. Wanawahi kazini. Wakapita, wakapita. Wachache walitupa sarafu, wakaendelea na safari. Watoto walitaka kusimama. Wazazi wakawavuta mkono.

Yule alikuwa Joshua Bell, bingwa wa fidla duniani. Siku chache kabla, watu walilipa fedha nyingi kumsikiliza ukumbini. Pale kituoni, mwanamke mmoja tu ndiye aliyemtambua.

Kapelo tu. Kapelo ilitosha kumficha.

Nasi leo tutapishana na kapelo nyingi. Mlinzi getini ana kapelo. Kondakta ana kapelo. Muuza vitumbua amejitanda khanga. Chini yake kuna nani? Hatujui.

Basi, msikilizaji, tusingoje jina ndipo tutoe heshima. Leo, kabla hujampita mtu, mpe salamu. Salamu kamili, na umtazame usoni.

Kazi njema.